Mbega wa ukanda wetu na minyoo ya watoto: tukifyeka miti tutapona?

Mwalimu_Mang'ula ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa.

Nafundisha biolojia sekondari huku Mang'ula, upande wa mashariki wa Milima ya Udzungwa. Katikati ya mashamba ya miwa na mpunga umebaki ukanda wa miti kando ya kijito, sehemu nyingine upana wake haufiki hata uwanja wa mpira. Humo wanaishi mbega wekundu na kima wachache, na nyani hupita mahindi yanapokomaa.

Mwaka huu watoto kadhaa wa kitongoji wameumwa matumbo, na zahanati imesema ni minyoo. Mtu mmoja akaona kinyesi cha mbega kwenye mawe tunapochotea maji, na maneno yakaanzia hapo. Kwenye mkutano wa kitongoji unaokuja italetwa hoja kwamba minyoo inatoka kwa mbega, kwa hiyo miti ifyekwe na wanyama "warudi kwao hifadhini". Wengi wanaiunga mkono, na sitaki kuwalaumu, maana wenye watoto wagonjwa ni wao. Mzee mmoja tunayemheshimu sana ana wazo lake, tuwawekee mbega dawa ya minyoo kwenye ndizi mbivu.

Nimejaribu kusoma nijiandae, nikapata kauli mbili zinazogongana. Ya kwanza inasema msitu ukiharibiwa wanyama hujaa vimelea. Ya pili ni ya utafiti uliofanyika hapa hapa Udzungwa, na nilivyoelewa unasema sehemu za chini, zilizo karibu na watu, zina minyoo ya aina chache kuliko milimani juu. Sasa nisimame na ipi mbele ya watu? Nawaomba wenye kulijua jambo hili wanisaidie mapema.

---

Dada wa Darubini amejibu:

Mwalimu, salaam. Hii ndiyo kazi iliyonilisha miaka mingi, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Nianze na namna minyoo ya mbega inavyochunguzwa, kwa sababu majibu yamejificha humo. Unafika chini ya mti waliolala kabla jua halijatoka. Mbega wakiamka hujisaidia kwanza ndipo waende kula, na ukichelewa kidogo utakuta kundi limehama na inzi wamekutangulia. Unaokota sehemu ya ndani ya kinyesi ambayo haijagusa ardhi, maana udongo una viminyoo vyake visivyomhusu mbega. Unatia kwenye kichupa chenye formalini, dawa ya kuhifadhi sampuli, na kuandika kundi, saa na mwinuko wa mahali. Maabara unakoroga kwenye maji mazito ya chumvi au sukari, mayai yanaelea juu, unayanasa kwenye kioo na kuyatazama. Yai la mnyoo mjeledi hulikosi hata siku ya kwanza, ni kama pipa dogo la rangi ya asali lenye kizibo kila ncha.

Utafiti unaousema ulichapishwa 2019. Claudia Barelli na wenzake walipima sampuli 251 kutoka makundi 25 ya mbega mwekundu wa Udzungwa, katika misitu minne tofauti ya milima hiyo. Walipata aina tano za minyoo: mjeledi, strongiloide wa aina mbili, mmoja wa jamii ya strongili, na mnyoo mdogo uitwao Colobenterobius. Zaidi ya nusu ya mbega walikuwa na mjeledi, wakati huo mdogo ulipatikana kwa chini ya asilimia 3. Walipolinganisha msitu na msitu hawakuona tofauti ya maana. Walipima hadi homoni za msongo zilizomo kwenye kinyesi, nazo hazikueleza kitu. Kilichojitokeza ni mwinuko: mbega wa chini walikuwa na aina chache za minyoo kuliko wa juu, na chini ndiko shughuli za watu zilikosongamana.

Sasa tahadhari, Mwalimu. Mtu akilisikia hilo haraka mkutanoni atasema, "Si mnaona? Watu wakikaribia, minyoo inapungua." Lakini pale walihesabu *aina*. Kuhesabu aina ni jambo moja, na kuhesabu ni wanyama wangapi wameambukizwa na kila mmoja amebeba mzigo kiasi gani ni jambo jingine kabisa. Msitu unaweza kupoteza aina mbili za minyoo, na huku ile iliyobaki ikawajaa wanyama wote.

Fikiria kila mnyoo unahitaji nini ili uishi. Jamii ya Colobenterobius ni minyoo ya mbega, haina makao mengine. Makundi ya mbega yakitenganishwa na mashamba, kila kundi likabaki kisiwani kwake, mnyoo wa namna hiyo hukosa njia ya kutoka kundi moja kwenda jingine na unaweza kwisha kimyakimya kabla ya mbega wenyewe. Mnaofundisha biolojia tafadhali lisemeni hili darasani, kwamba kimelea nacho ni kiumbe wa msitu na kinaweza kutoweka. Mimi huhuzunika kinapotoweka, na najua wengi hawanielewi.

Mjeledi ni tabia nyingine. Yai lake likianguka kwenye udongo wenye unyevu na kivuli hukaa wiki kadhaa likikomaa, kisha linasubiri mdomo wowote unaofaa. Strongiloide ndiye mjanja zaidi, kwani viluwiluwi vyake huishi udongoni na kupenya kwenye ngozi. Kwa minyoo hii swali kubwa ni moja tu: mnyama anagusa ardhi mara ngapi, na ardhi hiyo imechafuliwa na nani?

Mbega mwekundu kwenye msitu mzima ni mnyama wa juu. Anaruka kutoka tawi hadi tawi, anakula majani machanga na matunda mabichi, na anaweza kukaa muda mrefu bila kutia mguu chini. Mkitoboa dari la msitu, hapa mmekata mti wa kuni, pale wa nguzo, mnamlazimisha ashuke. Akishuka anakanyaga kinyesi cha wenzake, cha mbwa, cha mbuzi, na cha binadamu. Tena kundi lililokuwa na eneo kubwa sasa linalala kwenye miti ile ile kila usiku, na mayai yanarundikana chini yake. Na majani ya kuchagua yakipungua mwili unakosa nguvu ya kupambana. Mambo hayo matatu yakikutana ndipo utakapoona mbega waliokonda na wenye kuhara.

Kwa hiyo kauli zako mbili hazigombani. Uharibifu wa msitu huua minyoo yenye mahitaji mengi na kuineemesha ile isiyochagua. Mnaobaki nayo ndiyo ile inayoweza kuwafikia watoto.

Naomba na mimi nikuulize. Vibarua wa miwa na watu wanaotafuta kuni wanajisaidia wapi?

---

Atwooki_FortPortal amejibu:

Nawasalimu kutoka magharibi ya Uganda. Kiswahili changu ni cha kujifunzia kazini, mnisamehe.

Dada amesema vizuri, na mimi naongeza ya kwetu Kibale. Nje ya hifadhi yetu kuna vipande vidogo vya msitu katikati ya mashamba ya chai na migomba, na mbega wekundu wanaishi humo. Thomas Gillespie na Colin Chapman walilinganisha vipande tisa vya namna hiyo na kuchapisha mwaka 2006. Walipima ukubwa wa kipande, umbali wake kutoka msitu mkubwa, idadi ya mbega, na mengine. Kilichotabiri vizuri ugonjwa ni visiki. Kipande chenye visiki vingi ndicho kilichokuwa na mbega wengi wenye minyoo ya vinundu, ile inayotengeneza uvimbe kwenye ukuta wa utumbo. Na udongo na majani ya kipande cha namna hiyo vilikuwa na viluwiluwi vingi kuliko kwingine.

Kisiki kinaonyesha binadamu aliingia humo, na haingii mara moja. Anaingia na mbwa, anakaa, anakula, anajisaidia. Mwalimu, wanafunzi wako wanaweza kuhesabu visiki bila mashine yoyote.

Lakini si kila mnyama anaathirika sawa. Ndani ya Kibale kuna sehemu zilizokatwa mbao miaka ya mwisho ya 1960. Walipochunguza miongo kadhaa baadaye, kima wenye mkia mwekundu wa sehemu zile walikuwa na vimelea zaidi kuliko wa msitu usiokatwa, lakini mbega hawakuonyesha tofauti hiyo. Kwa hiyo msiseme "nyani wote" kwa pamoja.

Na jambo moja la Bwindi, hifadhi ya gorila hapa Uganda, ambalo sisi hatulisahau. Mwaka 1996 familia moja ya gorila wa milimani waliozoeshwa watalii ilipata upele. Wakanyonyoka manyoya, ngozi ikawa nyeupe yenye magamba, wakawa wanajikuna mchana kutwa. Mtoto mmoja wa gorila alikufa, wengine walipona kwa sindano za ivermektini, dawa ya kuua vimelea. Daktari Gladys Kalema-Zikusoka na wenzake walielekeza kidole kwa watu, kwa sababu vijiji vya jirani vilikuwa na upele na gorila walikuwa wanatoka kula migomba mashambani. Mwaka 2003 alianzisha shirika la kushughulikia afya ya watu na ya gorila kwa pamoja, kwa sababu aliona huwezi kumtibu mmoja ukamwacha mwingine. Huko kwenu mnasema mbega wameleta ugonjwa. Huku kwetu sisi ndio tuliwapelekea gorila.

---

Ole_Nainokanoka amejibu:

Ndugu zangu, mmesema kweli, lakini mimi ni mfugaji na nina neno.

Mnazungumza kana kwamba binadamu akiingia pori linaugua, na akitoka linapona. Njooni Ngorongoro. Zamani wafugaji waliishi ndani ya kreta na walichoma nyasi kwa zamu. Mwaka 1974 maboma yakaondolewa humo, na uchomaji ukakoma. Nyasi zikawa ndefu na ngumu, na kwenye nyasi ndefu kupe ndipo nyumbani. Ukaja ukame wa mwaka 2000, wanyama wakadhoofu, na mvua ziliporudi kupe walikuwa wengi ajabu. Nyati na nyumbu walikufa kwa mamia, simba wakafa, na hata faru, ambao ni wachache mno, baadhi yao walikufa na kukutwa na babesia kwenye damu, kimelea kinachobebwa na kupe. Baadaye Dk. Robert Fyumagwa na wenzake walifuatilia maeneo yaliyochomwa kwa mpango, na kupe walipungua.

Hilo wazee wetu walilijua kwa macho. Ng'ombe wa nyasi ndefu hupata ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, wa nyasi fupi hana shida. Naomba mtakapoandika mambo haya mtofautishe mtu anayekata msitu na mtu aliyekuwa sehemu ya pori lenyewe.

---

Dada wa Darubini amejibu:

Asante sana Ole. Ulilosema ni zito na nakubaliana nalo lote. Kupe wa nyasi na mnyoo wa udongo wa msitu hawafuati kanuni moja, na mtu anayetaka sentensi moja ya kufunika wanyama wote hataipata kwangu.

Nikupe mfano unaoelekea upande wako, wa Mpala, Laikipia, kule Kenya. Tangu 1995 kuna maeneo yaliyozungushiwa uzio ili tembo, twiga, pundamilia na wakubwa wengine wasiingie. Nyasi zikabaki nyingi, panya wakaongezeka karibu maradufu, na viroboto wao wakaongezeka vivyo hivyo, pamoja na bakteria wanaobebwa na viroboto hao. Hillary Young na wenzake walilichapisha hilo 2014. Pale hapakukatwa mti hata mmoja. Kukosekana kwa wanyama wakubwa kulitosha. Kwa hiyo "uharibifu" maana yake ni kuvuruga nani anakula nini na nani analala wapi, hata kama kwa macho pori linaonekana la kijani na zuri.

Kwa kitongoji cha Mwalimu lakini tunazungumza msitu wa unyevu, na mfano wa Kibale ndio ulio karibu naye.

---

Mwalimu_Mang'ula amejibu:

Sijui niwashukuru vipi.

Dada, nimekwenda kuangalia ulichoniuliza. Vibarua wa miwa hawana choo upande ule, wanaingia kwenye ukanda. Wanaotafuta kuni pia, na hao ni wengi tangu kuokota kuni ndani ya hifadhi kulipopigwa marufuku mwaka 2011. Watoto wanapita humo humo bila viatu kwenda kuchota maji. Visiki sikumaliza kuvihesabu, ni vingi, na vingine vibichi.

Ila kuna swali nitakaloulizwa na lazima niwe na jibu la kweli: je, inawezekana mtoto akapata minyoo kwa mbega? Nisiwadanganye watu. Na ile ya ndizi?

---

Dada wa Darubini amejibu:

Nimefurahi umeuliza hivyo. Ukienda na jibu la kuficha, atasimama mtu mmoja aliyesoma na utapoteza mkutano mzima.

Ndiyo, baadhi ya minyoo inaweza kuvuka. Ria Ghai na wenzake walichunguza vinasaba vya minyoo ya watu na ya nyani wa aina mbalimbali kandokando ya Kibale na kuchapisha 2014. Walikuta ukoo wa mjeledi unaoishi kwa spishi nyingi, binadamu akiwemo, na minyoo ya vinundu walikuta kwa watu pia. Kwa hiyo usiseme haiwezekani.

Lakini angalia mlango uko wapi. Mjeledi na safura wa watoto wa vijijini kwa kawaida hutoka kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa juu ya ardhi. Wewe mwenyewe umeona watu wazima wanajisaidia pale pale watoto wanapopita pekupeku, tena kando ya kijito. Hata mbega wote wakiondoka kesho, kinyesi hicho kitabaki na mvua itakishusha kijitoni. Na mbega hawatakwenda hifadhini kwa kuambiwa. Kundi la mbega wekundu halipendi kuvuka mahali pa wazi, na likivuka litakuta miti ina makundi mengine tayari. Watakaobaki watashuka chini na kuingia mashambani, yaani mtawasogeza karibu zaidi na watoto.

Ndizi hapana, na mzee umwambie kwa heshima sababu zake. Tumbo la mbega lina vyumba na huchachusha majani kwa msaada wa bakteria, na matunda matamu yaliyoiva humvuruga. Pili, huwezi kujua nani amekula ngapi. Nyani atafagia zote na mbega atakosa. Tatu, chakula mnachoweka chini ndicho kitakachowafundisha kushuka. Na hata dawa ikifanya kazi, udongo ni ule ule, wataambukizwa upya. Dawa wapewe watoto, shuleni na zahanati, kama inavyofanyika kwenye kampeni za kumeza dawa za minyoo, na mzee akishikilia wazo lake la dawa mwombe awe wa kwanza kuwahimiza wazazi.

Kuna na sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji. Ukanda wako karibu wote unaingia humo, kwa hiyo hoja ya kufyeka ili kulima ingekwama kwa mtendaji hata bila mbega.

Mkutanoni anza na vyoo vya vibarua. Mwenye shamba anayeajiri watu ndiye wa kuulizwa, na mwenyekiti wa kitongoji anaweza kumwita. Kisha njia ya maji: ifyekwe njia moja tu, watoto wavae kandambili, na mahali pa kuchotea pasogezwe juu, mbali na miti wanayolala mbega. Kuni ni gumu zaidi, na sitajifanya nina jibu jepesi. Mahali pengine nimeona watu wakipanda miti ya kukua haraka pembezoni mwa mashamba yao, na baada ya misimu michache ukanda ulipumua.

---

Atwooki_FortPortal amejibu:

Naongeza dogo. Mkipanda, pandeni pia pale dari lilipotoboka, hata mti mmoja wa kuunganisha matawi. Huku kwetu wakati mwingine ni pengo moja tu linalomfanya mbega ashuke chini kila siku.

---

Mwalimu_Mang'ula amejibu:

Nimeongea na mwenyekiti leo jioni. Amekubali hoja ya vyoo iwekwe mbele ya hoja ya kufyeka kwenye ajenda. Kesho kidato cha tatu wataanza kuhesabu visiki, nikiwagawa kwa hatua mia mia kando ya kijito, na wataandika pia mapengo aliyoyasema Atwooki. Je, wakikuta kinyesi cha mbega waandike nini?

---

Dada wa Darubini amejibu:

Waandike mahali, tarehe, kama kilikuwa kigumu au cha kuhara, na kilikuwa umbali gani kutoka kwenye maji. Wasikiguse kwa mkono wala kukisogelea kwa uso, wavae viatu vya kufunika, na wanawe kwa sabuni wakirudi. Mtoto mwenye mafua au kikohozi abaki shuleni siku hiyo, asiende kusimama chini ya mbega. Orodha ikikamilika iweke hapa jukwaani, mimi na Atwooki tutaipitia kabla ya mkutano.